Vivimbe vya Ngozi ya Ng'ombe, na Jinsi Chunjua Inavyotambuliwa kwa Hadubini

Wafugaji wa Bagamoyo na wa mwambao wote ulio kaskazini ya Dar es Salaam huona mara kwa mara ng'ombe wenye vitu vilivyoota juu ya ngozi. Kimoja huwa kidogo kama punje ya mpunga, kingine huwa kikubwa kama ndimu, na mara nyingine huning'inia kama kidaka cha nazi. Mwenye mali akiisha kuona hayo huingiwa na wasiwasi. Wengine humwuza mnyama kwa bei ya kutupa, wakidhani ana ugonjwa usiopona. Wengine hukata kivimbe kwa kisu cha nyumbani na kukitupa, wala hawajui walichokitupa. Na wengine husema, "Ni chunjua tu," kumbe ni ugonjwa wa kuambukiza ulioingia zizini. Wote hao hupata hasara kwa sababu moja, nayo ni kukata shauri kabla ya kujua.

Karatasi hii yaeleza chunjua ni kitu gani, ni magonjwa gani yanayofanana nayo, na jinsi kipande kidogo cha ngozi, kikitunzwa vema, kinavyoweza kumwambia mfugaji ukweli wa mnyama wake.

1. CHUNJUA NI KITU GANI

Chunjua ni ngozi iliyokua kupita kiasi mahali pamoja. Si jipu, kwa maana haina usaha ndani. Wala si kidonda, ingawa yaweza kuchubuka na kutoka damu. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1907 daktari Ciuffo wa Italia alionyesha ya kuwa chunjua za watu huambukizwa na maji yaliyochujwa kwa chujio lisilopitisha chembe yoyote. Na mwaka 1929 mtaalamu Creech wa Marekani alitoa habari za majaribio yake ya kuambukiza chunjua za ng'ombe. Leo zajulikana aina nyingi za virusi hivyo vya ng'ombe, na kila aina ina mahali pake ipapendapo: nyingine hukaa kichwani, shingoni na mabegani, na nyingine hukaa kwenye chuchu tu.

Wanyama wanaopatwa sana ni wachanga, hasa wale wasiotimiza miaka 2, kwa kuwa miili yao haijazoea kupigana na virusi hivyo. Virusi huingia penye mchubuko: palipokwaruzwa na miiba au waya, palipotobolewa sikio, palipokatwa pembe, au paliposuguliwa na kamba. Kamba moja ikifungwa ndama mwenye chunjua, kisha ikafungwa ndama mzima, huweza kuupeleka ugonjwa. Chunjua haionekani mara moja. Kwa kawaida hupita miezi 2 hadi 6 tangu kuambukizwa. Kwa hiyo mfugaji akitaka kujua ugonjwa ulikoingia, yampasa akumbuke mambo ya miezi iliyopita, si ya juma lililopita.

Chunjua nyingi hunyauka na kudondoka zenyewe ndani ya mwaka 1, mwili wa mnyama ukiisha kupata nguvu ya kuzishinda. Ndiyo sababu dawa nyingi za mitishamba na za madukani husifiwa kwamba zaponya chunjua: mnyama angalipona hata bila ya dawa hizo.

2. MAGONJWA YANAYOFANANA NA CHUNJUA

Kama kila kivimbe kingekuwa chunjua, karatasi hii isingehitajiwa. Lakini yapo mengine, na haya ndiyo yapasayo kujulikana kwanza.

(a) Ugonjwa wa mapele ya ngozi. Huu ni ugonjwa wa virusi vya namna nyingine kabisa. Mnyama hupata homa, tezi zake huvimba, kisha hutokeza mapele magumu ya duara mwilini mwote, nayo huingia unene wote wa ngozi. Mapele hayo huoza katikati na kuacha mashimo, na ngozi huharibika isiuzike. Wadudu waumao ndio waupelekao. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na hapo kwanza watu walidhani ni sumu ya majani au maumivu ya kuumwa na wadudu tu. Kwa kuwa haukutambuliwa upesi ulisambaa kusini, na kufika mwaka 1949 ng'ombe wakadiriwao kuwa milioni 8 wa Afrika Kusini walikuwa wamepatwa.

(b) Ukurutu wa mvua. Huu huletwa na bakteria aliyeelezwa kwanza na Van Saceghem katika Kongo mwaka 1915. Manyoya hushikamana kama brashi iliyokaukiwa na rangi, na chini yake mna magamba mazito. Huzidi wakati wa masika, na huzidi tena penye kupe wakubwa wenye madoadoa ya rangi. Mtu akishika magamba hayo kwa mikono yenye michubuko aweza kuambukizwa.

(c) Jipu. Huwa na joto na maumivu, kisha hulainika.

(d) Choa. Hufanya mabaka ya duara yasiyo na manyoya, yenye unga wa kijivu. Hayainuki sana juu ya ngozi.

(e) Saratani ya ngozi. Hii si ya kawaida, lakini ni mbaya. Hupenda mahali pasipo na weusi, hasa kope za macho za ng'ombe wenye nyuso nyeupe, kwa sababu ya jua kali. Huanza kama chunjua ndogo, kisha huchimba ndani, hunuka, na haiponi.

Kwa punda, ambao hutumika sana katika visiwa na miji ya mwambao kama Lamu, upo uvimbe mwingine uitwao sarkoidi, ulioelezwa na Jackson wa Afrika Kusini mwaka 1936. Huo huhusiana na virusi vile vile vya chunjua za ng'ombe, lakini kwa punda haunyauki kwa urahisi, na ukikatwa vibaya hurudi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo usidhani ya kuwa lililo jepesi kwa ng'ombe ni jepesi kwa punda.

3. MFANO: KIVIMBE KISICHO CHA KAWAIDA

Ndama wa mwaka 1 akiwa na chunjua 20 shingoni, zenye mikunjo mikunjo kama undu wa jogoo, hapana haja ya hadubini. Kila mfugaji aliyezoea kazi yake atazitambua. Shida hutokea pale kivimbe kisipofuata desturi.

Tuseme mfugaji mmoja wa karibu na Mto Ruvu ana fahali wa miaka 7. Begani pameota kivimbe kimoja tu, kigumu, cha duara, chenye ukubwa wa limau. Juu yake hapana manyoya. Tena ni laini, hakina mikunjo. Mnyama ala vizuri wala hana homa. Zizini hamna ndama mwenye chunjua. Jirani wa kwanza asema ni jipu, yafaa lipasuliwe. Wa pili asema ni mapele ya ngozi, fahali auawe upesi kabla hajawaambukiza wenzake. Mnunuzi wa ng'ombe asema ni saratani, naye yu tayari kutoa nusu ya bei.

Watu hao watatu wote wametazama kivimbe kimoja. Hakuna aliye mjinga kati yao. Ila wametazama nje tu, na nje haitoshi. Fahali huyo ndiye baba wa ndama wote wa zizi lile, na mwenyewe akimpoteza amepoteza kazi ya miaka mingi. Ndipo ifaapo kumwita Bwana Mifugo atoe kipande.

4. KUTOA KIPANDE NA KUKIHIFADHI

Kazi ya kukata ni ya Bwana Mifugo au daktari wa mifugo, kwa kuwa yeye ana dawa ya ganzi na visu safi. Kazi ya mfugaji ni kumfunga mnyama vizuri, kuwa na maji safi na sabuni, na kuyajua mambo yafuatayo ili ahakikishe yametendeka.

Kwanza, kipande kikatwe ukingoni, ili kiwe na sehemu ya kivimbe na sehemu ya ngozi nzima. Msomaji wa hadubini hutazama sana mpaka ulio kati ya ugonjwa na uzima. Kipande cha katikati peke yake, hasa kilichooza, ni kama barua iliyopasuliwa mwanzo na mwisho.

Pili, kipande kisizidi unene wa sentimeta 1. Dawa huingia polepole. Kipande kikiwa kinene, nje hukaa vema na ndani huoza.

Tatu, kitiwe mara moja katika formalini. Dawa hiyo huchanganywa sehemu 1 ya formalini ya dukani na sehemu 9 za maji, na wingi wa dawa uwe mara 10 ya kipande. Katika joto la pwani nyama huanza kuharibika upesi sana. Kipande kilichokaa juani hata saa chache hakisomeki vizuri. Tena kisigandishwe kwa barafu, kwa maana barafu hupasua chembe zake.

Nne, chupa iwe na mdomo mpana. Kipande kikiisha kukauka kwa dawa huwa kigumu, na chupa ya mdomo mwembamba haitakitoa ila kwa kuvunjwa.

Tano, jina na namba ziandikwe kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka katika spiriti.

Formalini ni sumu, nayo huwasha macho na koo. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, na iwekwe mbali na watoto.

Lakini ikiwa Bwana Mifugo anashuku mapele ya ngozi, atachukua pia kipande kingine bila ya formalini, akiweke juu ya barafu kisigande, kwa kuwa uchunguzi wa kutafuta virusi vyenyewe huwa wa namna nyingine. Na akishuku ukurutu wa mvua, magamba makavu yaliyokunjwa katika karatasi safi yatosha.

5. KIPANDE KINAVYOTAYARISHWA

Kutoka Bagamoyo kipande huweza kupelekwa Temeke, Dar es Salaam, penye Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panapofundishwa madaktari wa mifugo.

Huko kipande hakitazamwi vivi hivi. Kwanza huachwa katika formalini mpaka kikolee. Kisha hupitishwa katika spiriti kali ili maji yote yatoke, na baadaye huloweshwa katika nta iliyoyeyuka. Nta ikipoa, kipande huwa kigumu kiasi cha kukatika vizuri. Hapo hukatwa kwa mashine yenye kisu kikali mno, na kila ukasi huwa na unene wa sehemu 5 za elfu za milimita. Ukipanga kasi 200 moja juu ya nyingine, unene wao ni milimita 1 tu.

Ukasi mwembamba hivyo hauna rangi, kwa hiyo hutiwa rangi mbili. Ya kwanza hutoka katika moyo wa mti uotao Amerika ya Kati, nayo huitwa hematoksilini. Hufanya kiini cha kila chembe kuwa buluu. Ya pili ni eosini, ambayo hufanya mengine yote kuwa ya waridi. Ndipo ukasi huwekwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, kwanza ukikuzwa mara 40, kisha mara 100, na mwisho mara 400. Kazi hii yote huchukua siku kadhaa. Mfugaji asikate tamaa jibu lisipofika kesho yake.

6. HADUBINI HUONYESHA NINI

Ngozi nzima ina matabaka mawili. La juu limefanywa kwa chembe zilizopangwa safu juu ya safu, kama makuti juu ya paa. Chembe huzaliwa safu ya chini, hupanda polepole, hukauka na kupukutika. La chini lina nyuzi, mishipa ya damu na mashina ya manyoya. Kati ya matabaka hayo pana utando mwembamba sana, nao ndio mpaka. Msomaji hujiuliza maneno manne: Chembe zilizozidi ni za tabaka gani? Je, zimeshika utaratibu wake? Je, zafanana? Na je, zimeuvuka mpaka?

Katika chunjua ya kawaida, tabaka la juu limenenepa mara nyingi kuliko desturi, nalo limeinuka kama vidole vya mkono, na ndani ya kila kidole mna uti mwembamba wa nyuzi na mishipa ya damu. Juu ya vidole pamejaa magamba makavu. Baadhi ya chembe huonekana zimefura, na kiini kimezungukwa na nafasi nyeupe. Hizo ndizo chembe zilizoshikwa na virusi. Lakini utaratibu haukuvunjika: changa zi chini, kavu zi juu, na mpaka u mzima.

Katika chunjua ya nyuzi, jambo la ajabu hutokea. Wingi wa kivimbe hautoki katika tabaka la juu, bali katika la chini. Nyuzi zimeongezeka na kupishana huku na huku kama makumbi ya nazi yaliyosokotwa, na tabaka la juu limeshusha ndimi ndefu ndani yake. Mtu asiyezoea aweza kudhani ya kuwa ndimi hizo zimevuka mpaka. Lakini akifuata utando kwa makini ataona kwamba umezizunguka ndimi zote bila ya kukatika.

Katika saratani, mpaka umevunjika. Chembe za tabaka la juu zimeshuka ndani makundi makundi. Viini vyao ni vikubwa, vyenye maumbo yasiyolingana, na vingi vinagawanyika ovyo. Katikati ya makundi huonekana miviringo ya magamba kama kitunguu kilichokatwa.

Katika mapele ya ngozi, shida huonekana hasa katika mishipa midogo ya damu: kuta zake zimevimba na kuziba, na nyama iliyo karibu imekufa. Ndani ya baadhi ya chembe mna madoa ya waridi, ambayo ni alama ya virusi. Na katika ukurutu wa mvua, magamba yakipondwa katika maji, yakapakwa kiooni na kutiwa rangi, bakteria huonekana wamejipanga safu mbili mbili kama reli ya gari moshi.

Turudi kwa fahali wetu wa Ruvu. Hadubini ilionyesha nyuzi zilizosokotana, ndimi ndefu, na utando mzima. Mishipa haikuziba, wala usaha haukuwamo. Basi kivimbe kile kilikuwa chunjua ya nyuzi, ila kilikuwa kimoja na kwa mnyama mzima, jambo lisilo la desturi. Jirani wa kwanza angalipasua pasipo na usaha. Wa pili angaliua mnyama asiyestahili kuuawa. Na mnunuzi angalijipatia fahali mzima kwa nusu ya thamani yake.

7. HABARI ZA MWENYE NG'OMBE

Hata hivyo hadubini huona kipande, haioni zizi. Hata wakuu wa elimu hii wameghafilika. Mwaka 1897 Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alipokuwa Dar es Salaam aliona vijidudu vidogo katika damu ya ng'ombe, akadhani ni umbo moja la vijidudu vya ugonjwa wa kukojoa damu. Kuviona aliviona sawasawa. Ila maana yake ilimpotea. Baadaye ilijulikana ya kuwa huo ulikuwa ugonjwa mwingine, huu tuuitao ndigana kali, na mwaka 1904 Arnold Theiler wa Afrika Kusini alikipa kijidudu chake jina la peke yake. Magonjwa hayo mawili yalitenganishwa kwa kuunganisha yaliyoonekana kiooni na yaliyoonekana malishoni.

Kwa hiyo pamoja na chupa peleka habari hizi: umri wa mnyama, jike au dume, kivimbe kilionekana lini, na kimekua upesi au polepole, viko vingapi na mahali gani, mnyama alikuwa na homa au la, wanyama wangapi wengine zizini wana dalili kama hizo, na kama katika miezi 6 iliyopita alitobolewa sikio, alikatwa pembe, au aliletwa kutoka mnadani. Habari hizo hazigharimu kitu, na nusu ya jibu imo ndani yake.

8. KUMTUNZA MNYAMA MWENYE CHUNJUA

Jibu likiwa ni chunjua, mwache mnyama apone mwenyewe ikiwa hazimsumbui. Mtenge na ndama wachanga. Kamba, visu na vyombo vya kutobolea masikio visafishwe na kuchemshwa kila vitumikapo. Ng'ombe mwenye chunjua kwenye chuchu akamuliwe mwisho, na mkamuaji anawe mikono. Kivimbe kinachoziba jicho, kinachozuia kunyonyesha, au kinachochubuka kila siku na kuvutia mainzi, kiondolewe na daktari wa mifugo. Chunjua za ng'ombe hazimpi mtu chunjua, wala haziharibu maziwa. Lakini maziwa yachemshwe kama ilivyo desturi njema siku zote.

KUMBUKA HAYA

Vivimbe vingi pamoja na homa: usingoje, mpashe habari Bwana Mifugo siku ile ile, wala usipeleke ng'ombe wako mnadani wala penye maji ya watu wote.

Kivimbe kimoja kigeni kwa mnyama mzima, au kidonda cha kope kisichopona: usikate, usichome moto, usiuze. Omba kipande kitolewe.

Kipande kikatwe ukingoni, kiwe chembamba, kitiwe formalini papo hapo, na kifuatane na habari za mnyama.

Jibu likiisha kuja, liweke pamoja na hati zako za mifugo. Siku mnunuzi atakapokwambia ng'ombe wako ana ugonjwa usiopona, utakuwa na la kumjibu.